SOMO: KIAPO NA ARDHI

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu wa pwani, itajwapo Mau Mau, huuliza kwanza habari za kiapo. Sisi twaona yapasa kuanza na ardhi.

Nchi ya Ruiru na Thika iliyopandwa kahawa na mkonge ilikuwa na wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Kiingereza iliwagawia walowezi. Wakikuyu wengi wakawa vibarua, na kipande shingoni. Dhuluma hiyo ikazaa vita, na tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti, karibu na Ruiru.

Wachina wa Yihetuan mwaka 1900, na watu wa Maji Maji mwaka 1905, nao waliwaondokea wageni, wakiamini kuwa risasi hazitawadhuru, zikawaua. Mau Mau walifungana kwa kiapo. Hirizi haikingi risasi, wala haijuzu kuapa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Hayo twayakataza. Lakini tusinyamazie la pili: Mtume (s.a.w.) amemwonya vikali mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa shubiri moja. Alaumuye moshi na aulize pia ni nani aliyewasha moto.