Mwembe Uache Uoze, Lakini Kidogo

Kasongo na Kabambare, huku Maniema, mashariki mwa Kongo, vituo vya misafara enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, Waungwana wa misafara hiyo walituachia mpunga, Kiswahili na miembe. Mwembe mkuukuu ukiangushwa na upepo, mara nyingi huishia jikoni. Maseremala huukwepa: siku chache tu baada ya kukatwa, mbao zinaingia madoa. Mimi nayatafuta madoa hayo.

Anayepaka ni kuvu. Kuna ile ya kijivu-buluu: hula sukari iliyomo kwenye ubao mweupe karibu na ganda, nguvu ya mti haiigusi sana. Kuna na ile inayoozesha, ambayo huupausha ubao. Kuvu mbili zikikutana ndani ya gogo, kila moja hujenga ukuta mweusi kulinda shamba lake, na mipaka hiyo ndiyo mistari unayoiona, kama imechorwa kwa wino. Mafundi wa Italia, karne ya 15, walithamini hata ubao uliogeuzwa kijani na kuvu. Waliupachika kwenye picha za mbao.

Kata gogo wakati wa mvua, usilibambue. Lilaze kivulini juu ya udongo, lifunike majani ya migomba, ulinyunyizie maji. Usilitumbukize mtoni, maana kuvu nayo yataka hewa. Kuanzia wiki ya nne, kata kipande kichwani kila wiki, utazame. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mistari inapendeza, wanangoja iongezeke, gogo linakuwa sifongo. Bonyeza kwa ukucha. Ukizama kama kwenye muhogo uliorowekwa, hizo ni kuni.

Pasua mbao upesi, uzipange kwa vijiti katikati mahali penye upepo. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinasaidia sana. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, kuvu inalala. Inalala tu: ikinyeshewa inaamka. Kwa hiyo usitengeneze mlango wa nje, wala mtumbwi, wala kinu. Kifuniko cha sanduku, fremu ya picha, uso wa meza, sawa. Miguu ya kiti tafuta mti mwingine.

Unapopiga randa na msasa, funga kitambaa puani. Mwisho paka vanishi. Mawese hayakauki; yataufanya ubao unase vumbi, na wekundu wake utafunika rangi uliyoingojea wiki zote hizo.