SAMADI YA CHOONI: TUIPE MWAKA MMOJA



Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba anauombea mtini usiozaa. Anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, naye ataupalilia na kuutia samadi. Mwezi huu tunazungumza juu ya samadi, na pia juu ya huo mwaka mmoja.

Tangu mbolea za dukani zilipopanda bei sana mwaka 2021 na 2022, familia nyingi zinatuuliza: "Je, kinyesi cha binadamu hakifai shambani kama cha ng'ombe?" Jibu letu ni kwamba kinafaa, lakini baada ya kutunzwa. Kabla ya hapo si mbolea, ni ugonjwa.

TULIYOYAONA WODINI

Tulimpokea mtoto wa miaka 4, tumbo limevimba, anatapika. Minyoo ilikuwa imejikusanya na kuziba utumbo, ikabidi apasuliwe. Tunamshukuru Mungu, alipona. Mama yake alitueleza kwamba mwaka uliotangulia choo chao kilijaa, wakakizoa na kumwaga yote kwenye bustani ya mchicha na nyanya. Mchicha ulistawi kweli kweli. Mama huyo hakuwa mzembe, ila hakuna aliyemfundisha.

KWA NINI KINYESI KIBICHI NI HATARI

Kinyesi kibichi kinaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Vingi kati ya hivyo hufa mapema kuliko mayai ya minyoo. Mnyoo mmoja jike wa aina ya mviringo hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na mayai hayo yana ganda gumu. Katika udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kuishi miaka.

Minyoo ya safura haisubiri kuliwa. Mabuu yake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha minyoo hunyonya damu utumboni. Wajawazito wengine tunaowaona kliniki wakiwa na viganja vyeupe na pumzi fupi wameishiwa damu kwa sababu hiyo.

Kwa wanaofuga nguruwe kuna tegu. Mtu mwenye tegu hutoa mayai kwa njia ya haja kubwa. Nguruwe akila kinyesi hicho, hupata vifuko vya tegu katika nyama yake. Binadamu akimeza mayai hayo kwa mboga au mikono michafu, vifuko vinaweza kuota katika ubongo na kuleta kifafa. Mgonjwa wa namna hii hana mapepo. Apelekwe hospitali.

NAMNA YA KUTUNZA

1. Tuwe na mashimo mawili. Moja likijaa, tulifunike na kuhamia la pili. Siku za kupumzika zihesabiwe tangu siku ya mwisho choo kilipotumika, si tangu kilipochimbwa. Aliyekitumia jana ameongeza kinyesi kibichi juu ya kile cha zamani.

2. Tusubiri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, linataka zaidi ya mwaka mmoja kwenye sehemu za joto, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwenye baridi. Wa milimani tuhesabu miaka miwili.

3. Tumwage majivu kila baada ya haja. Majivu hukausha na huchoma vijidudu. Tuzuie maji ya mvua na ya kuoga yasiingie shimoni.

4. Tusitupe chooni chupa, nyembe wala nepi za dukani. Atakayezoa ni mwenzetu.

5. Siku ya kuzoa tuvae viatu vya mpira na kufunika mikono. Watoto wakae mbali. Baadaye tunawe kwa sabuni na kuosha majembe.

6. Samadi ifukiwe ardhini kabla ya kupanda. Inafaa kwa mahindi, migomba na miti ya matunda. Tusiiweke kwenye karoti, nyanya, wala mboga za kachumbari.

NA MKOJO?

Sehemu kubwa ya chakula cha mmea imo katika mkojo kuliko katika kinyesi. Ukikusanywa peke yake, ukae katika dumu lililofungwa vizuri angalau mwezi mmoja. Kwa mazao yanayoliwa mabichi ukae miezi 6. Kisha tuchanganye kipimo 1 cha mkojo na vipimo 3 hadi 10 vya maji. Tumwage katika mfereji kando ya mmea, si juu ya majani, na tufukie. Tuache kabisa mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Tusimwage karibu na kisima, mto wala bwawa, kwa maana mkojo wa mwenye kichocho hupeleka mayai majini.

MAJITAKA YA MJINI

Katika miji kama Moshi na Morogoro majitaka hupitishwa katika mabwawa yanayofuatana. Mayai ya minyoo huzama chini, kwa hiyo maji yanaweza kuwa safi zaidi huku tope la chini likiwa limejaa mayai. Tope hilo nalo linahitaji kukaushwa na kusubiriwa. Tena majitaka ya viwanda na karakana yanaweza kuwa na risasi, na hiyo haiozi hata kwa miaka mingi. Gari la kunyonya vyoo likija kutupa mzigo wa bure shambani, tukatae.

Mwisho, dawa ya minyoo inayotolewa shuleni watoto waimeze. Mjamzito aipate baada ya miezi 3 ya kwanza, kwa ushauri wa kliniki. Lakini dawa haizuii minyoo mipya. Mtunza shamba wa Injili alikuwa na samadi, na pia alikuwa na subira. Nasi tuwe navyo vyote viwili.

MASWALI YA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Choo chetu kikijaa, huwa tunafanya nini?
2. Mboga tunazonunua sokoni hupandwa kwa mbolea gani?
3. Ni familia gani jirani tunaweza kuisaidia kuchimba shimo la pili?