Kipindi cha Dini Shuleni ni Wajibu wa Nani?

Soma: Matendo ya Mitume 8:26-40

Katika fungu hili tunamwona mtu mwenye cheo na elimu, ameketi garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Kusoma anajua, ila maana haipati. Filipo hakumngoja afike kanisani. Alilikimbilia gari, akamwuliza kama anaelewa, akapanda, akaanzia pale pale alipokuwa akisoma.

Vijana wetu walio katika shule za sekondari za Serikali wanafanana na mtu huyu. Wengi wamebatizwa, wamepata Kipaimara, na Biblia wanazo. Je, nani anakwenda kuketi nao?

Zamani shule kama Minaki, iliyokuwa ya misheni ya U.M.C.A., ziliongozwa na Kanisa, na dini ilifundishwa humo pamoja na masomo mengine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, iliziweka shule nyingi za misheni chini ya Serikali, ili watoto wote wasome pamoja bila kubaguliwa kwa dini zao. Jambo hilo lilikuwa jema. Wala mlango haukufungwa: dini iliendelea kupewa kipindi shuleni, na madhehebu yakaachiwa kazi ya kuleta walimu.

Katiba ya nchi ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, na inaeleza kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini si shughuli ya Serikali. Basi tusimlaumu Mkuu wa Shule. Yeye hutoa muda na chumba. Mwalimu hutoka kwetu.

Tena tusichanganye mambo mawili. Maarifa ya Biblia ni somo la hiari lenye mtihani wa Taifa. Mwanafunzi aweza kulifaulu vizuri bila kujua kusali. Kipindi cha dini hakina mtihani. Hicho ni cha kumlea kijana katika imani. Kwa kuwa hakina mtihani, hupotea upesi. Mwalimu asipofika majuma mawili matatu, wanafunzi humalizia hesabu zao, na baadaye muda ule hupewa somo jingine.

Anayekwenda kufundisha ayashike haya:

1. Afike kwa saa. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Akichelewa robo saa, amebakiwa na dakika 25.

2. Awe na andalio la somo: lengo moja, fungu moja la Maandiko, na maswali machache. Asirudie mahubiri ya Jumapili.

3. Akubali kuulizwa. Kijana aliyetoka kusoma biolojia atauliza juu ya Mwanzo sura ya 1. Asimkemee. Kama jibu hana, aseme atalitafuta, na juma lijalo alilete.

4. Asikashifu dini ya wengine. Wanafunzi Waislamu nao wana mafundisho yao, na kipindi kikiisha wote watarudi kwenye dawati moja.

5. Ashirikiane na UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, lakini asiuachie kazi yake. Viongozi wake nao ni wanafunzi wanaohitaji kufundishwa.

Mzigo huu si wa kasisi peke yake, kwani ana makanisa mengi ya kuzungukia. Halmashauri ya mtaa yaweza kumteua katekista au mwalimu mstaafu, ikampa barua ya kumtambulisha kwa Mkuu wa Shule, na ikamtengea nauli katika makadirio ya mwaka. Tunachanga kwa ajili ya bati na viti. Tusishindwe kumlipia mtu basi mara moja kwa juma.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Katika mtaa wetu kuna shule ngapi za sekondari za Serikali? Katika zipi kipindi cha dini kina mwalimu wetu?

(b) Kwa nini Filipo alianza kwa kuuliza swali?

(c) Ni nani kati yetu awezaye kutoa dakika 40 kila juma?