Rangi Halisi Imejificha Kwenye Mkunjo: Namna ya Kutambua Rangi ya Asili ya Ndani ya Magari ya Kale ya Spoti ya Uingereza

Fungua skrubu za ubao wa mlango wa MGB ya mwaka 1965, utoe ubao polepole, kisha uugeuze. Nyuma utakuta ubao mgumu wa kahawia, na pembeni, kuuzunguka wote, ngozi bandia iliyokunjwa kwa upana wa kidole na kubandikwa kwa gundi. Mkunjo huo haujaona jua tangu gari litoke kiwandani Abingdon. Upande wa mbele, uliopigwa na jua na kusuguliwa na viwiko vya madereva kwa takriban miaka sitini, nyekundu imepauka ikawa kama tofali. Kwenye mkunjo bado ni pilipili iliyoiva. Ziweke hizo mbili pamoja kivulini saa nne asubuhi, nawe utaelewa kwa nini watu wengi hulirudisha gari katika rangi ambayo kiwanda hakikuitengeneza kamwe. Fundi alipelekewa kipande cha mbele.

Makala haya ni ya mtu aliyerithi, aliyenunua au anayetaka kununua gari la spoti la Uingereza la miaka ya 1950 hadi 1970, iwe MG, Triumph, Austin-Healey au Jaguar, na anataka kujua ndani palikuwa na rangi gani lilipouzwa likiwa jipya. Nasisitiza jambo moja kabla ya mengine yote: usimruhusu fundi kubomoa chochote kabla hujalisoma gari lenyewe. Injini iliyofunguliwa vibaya hurekebishika. Kava za viti zikishang'olewa na kutupwa jalalani pamoja na sponji iliyooza, hakuna hati itakayokuonyesha ile nyekundu ilikuwa nyekundu ya namna gani.

Anza na viti. Vitoe kwenye reli zake, uvipindue. Pale chini, ambapo kava huvutwa na kubanwa kwenye fremu, pamebaki ncha ambazo hazikuwahi kukaliwa na mtu. Katika MGB za mwanzo, ngozi halisi iliwekwa sehemu ya kukalia na kuegemea tu. Ubavuni na mgongoni mwa kiti kulikuwa na ngozi bandia ya rangi ileile. Kwa hiyo tafuta sampuli ya kila moja, maana hazizeeki kwa namna moja. Ngozi hunywa mafuta ya mwili, ikakolea na kupasuka. Ngozi bandia hupauka na kukakamaa. Tazama pia ule utepe mwembamba wenye kamba ndani unaopita juu ya mishono. Kwenye MGB za mwanzo utepe huo mara nyingi ulikuwa wa rangi tofauti na kiti, na ndicho kitu cha kwanza ambacho fundi wa baadaye hukiacha kwa kuona ni kazi ya ziada.

Kisha shuka kwenye zulia. Fungua kile kibati cha kizingiti cha mlango uone ukingo wa zulia uliolala chini yake. Tazama pia pale reli za viti zilipolikandamiza. Vuta kidogo raba yenye manyoya inayozunguka mlango kuzuia upepo, kwa sababu mara nyingi nayo ilitengenezwa ifanane na rangi ya ndani, na upande uliobanwa haupauki. Paneli za miguuni, pembeni mwa pedali, nazo usiziruke.

Kabla ya kuamini unachokiona, kisafishe. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo vinatosha. Moshi wa sigara wa miaka mingi huweka utando wa manjano unaogeuza kijivu kuwa rangi ya maziwa na buluu kuwa kijani. Usiguse ngozi kwa petroli wala thina: rangi yenyewe itatoka, na utakuwa umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Sasa swali gumu zaidi: je, ulichokiona ndicho cha kwanza? Viti huvikwa upya, ngozi hupakwa rangi nyingine, milango hubadilishwa baada ya ajali. Jaguar na watengenezaji wengine wa Uingereza walitumia sana ngozi ya Connolly, kampuni iliyoanza London mwaka 1878. Rangi ya ngozi ile ilipulizwa juu yake, karibu kama inavyopulizwa rangi ya bodi, ndiyo maana baada ya miaka huonyesha nyufa nyembamba kama udongo uliokauka. Aliyepaka rangi upya hupaka juu ya nyufa hizo. Shika mshono wa kiti kwa vidole gumba viwili, uupanue taratibu, utazame bonde lililo kati ya vipande viwili vya ngozi. Brashi na bomba la kupulizia havifiki pale chini. Ukiona nyeusi juu na kwenye bonde mstari wa buluu, umeshapata jibu. Ukitaka uhakika zaidi, kata unyuzi mmoja wa ukingo uliofichwa chini ya kiti, uutazame kwa kioo cha kukuzia, uhesabu tabaka za rangi.

Kwenye magari yenye mbao ndani ya bodi, kama Morgan, kuna shahidi mwingine ninayempenda kuliko wote. Fundi anayeng'oa kava ya zamani huivuta tu, hana muda wa kung'oa kila msumari mdogo. Kijipande cha ngozi, kidogo kama ukucha wa mtoto, hubaki kimebanwa chini ya kichwa cha msumari, kisha kava mpya hufunika juu. Gari lililovikwa mara tatu linaweza kuwa na vijipande vya rangi tatu, vimepangana kwa utaratibu wa miaka. Kile cha chini kabisa ndicho cha kiwandani. Pini za stepla, kwa upande mwingine, ziangalie kwa mashaka. Kwenye gari la miaka ya 1950 mara nyingi zimeletwa na fundi wa baadaye.

Ukimaliza na vitambaa, nenda kwenye vibati vya namba. Hapa watengenezaji wanatofautiana sana. Triumph ndio waliotusaidia zaidi. Kibati cha TR6, gari lililotengenezwa hadi mwaka 1976, kina maneno PAINT na TRIM, na mbele ya kila neno kuna namba. PAINT ni rangi ya bodi, TRIM ni rangi ya ndani. Kwa kawaida tarakimu ya mwisho hutaja ukoo wa rangi: 1 ni nyeusi, 2 nyekundu, 3 kahawia, 4 manjano, 5 kijani, 6 buluu, 7 zambarau, 8 kijivu na 9 nyeupe. Kwa hiyo PAINT 19 na TRIM 12 ni gari jeupe lenye viti vyekundu, ile nyekundu ambayo Triumph waliiita Matador Red. TRIM 11 ni nyeusi. TRIM 13 na 33 zote ni za ukoo wa kahawia, lakini ni kahawia mbili tofauti, na fundi asiyejua hilo atakupa yoyote aliyonayo dukani.

MGA, iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1962, inasema nusu tu. Kwenye magari yenye namba inayoanza kwa mfano na HDK43, herufi ya tatu ni rangi ya bodi. K ni nyekundu. Tarakimu 4 inayofuata inaonyesha kuwa gari lilitengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini. Rangi ya viti haimo, ila ukishajua ya nje umepunguza sana uwezekano, kwa sababu kiwanda kiliruhusu mbili au tatu tu za ndani kwa kila rangi ya nje. MGB ya miaka ya 1960 haisemi lolote. GHN3 maana yake ni MG, injini ya ukubwa fulani, bodi ya wazi ya viti viwili, toleo la 3. Basi. Anayekuambia amesoma rangi ya viti kwenye namba hiyo amekosea.

Kwa hiyo mwenye MGB lazima aende kwenye madaftari ya kiwanda, na bahati nzuri mengi yamehifadhiwa. British Motor Museum, iliyoko Gaydon katika jimbo la Warwickshire, hutunza kumbukumbu za MG, Austin-Healey, Triumph na nyinginezo. Kwa malipo, na ukiwapa namba ya chesisi, watakutolea cheti kinachonakili kilichoandikwa siku gari lilipotengenezwa: tarehe, namba ya injini, nchi lilikopelekwa, rangi ya nje, na mara nyingi rangi ya ndani. Jaguar wana Jaguar Daimler Heritage Trust, ambao cheti chao hutaja rangi ya bodi, ya viti na ya turubai la juu. Morgan wa Malvern wana kumbukumbu zao wenyewe, na Lotus wa Hethel vilevile. Hakikisha namba unayotuma ni ya chesisi iliyomo kwenye gari, si ile iliyoko kwenye kadi ya gari peke yake. Karani wa usajili aliyekosea tarakimu moja miaka arobaini iliyopita atakuletea historia ya gari la mtu mwingine.

Kuna magari ambayo cheti hakitasaidia sana. Baadhi yalisafirishwa vipande vipande na kuunganishwa nchi nyingine. MGB za Australia, zilizounganishwa Sydney kuanzia 1963 hadi 1972, ni mfano mzuri. Vitambaa na viti vya magari hayo vilitengenezwa hukohuko, hivyo daftari la Uingereza halina la kusema. Kwa gari la namna hiyo, mkunjo wa ubao wa mlango ndio daftari lako.

Vitabu vinafaa sana katika hatua hii. Anders Ditlev Clausager, aliyekuwa mtunza nyaraka wa magari ya Uingereza na mwenye kuyajua madaftari hayo kwa karibu, aliandika Original MGB na vingine vya aina hiyo, vyenye orodha za rangi za nje na za ndani zilizokwenda pamoja mwaka kwa mwaka. Philip Porter aliandika cha Jaguar E-type, Bill Piggott vya Triumph TR. Humo utajifunza kwamba MGB nyeupe ya Old English White iliuzwa ikiwa na ndani nyekundu au nyeusi, na Iris Blue ikawa na buluu au nyeusi. Utajifunza pia kwamba kuanzia magari yaliyotoka mwishoni mwa 1969 viti vya MGB viliacha ngozi vikawa vya ngozi bandia. Kwa hiyo MGB ya 1972 yenye viti vya ngozi "vya kiwandani" inastahili maswali zaidi kabla hujatoa pesa.

Na kama gari linasema hivi, cheti kinasema vile? Mimi huliamini daftari kwa jina la rangi, na huuamini mkunjo kwa rangi yenyewe. Daftari likiandika "nyekundu" halikuelezi ni nyekundu ya chungwa au inayokaribia damu ya mzee. Vikipingana kabisa, kwa mfano daftari linasema nyekundu na vijipande vyote vya chini ni buluu, kagua kwanza kama bodi na milango ni ya gari hilo. Viwanda navyo vilikubali oda maalumu, kwa hiyo mchanganyiko usiomo kwenye orodha ya kitabu si lazima uwe uongo, ila unahitaji mashahidi wawili au watatu kabla ya kukubaliwa.

Picha za zamani za familia zinasaidia kiasi. Slaidi za Kodachrome zilizohifadhiwa gizani hutunza rangi vizuri, lakini picha za karatasi za miaka ya 1960 na 1970 hubadilika vibaya mno, usizitegemee kwa rangi. Picha nyeusi na nyeupe haina rangi, lakini itakuonyesha kama utepe wa mishono ulikuwa mweupe juu ya kiti cheusi.

Ukifika wakati wa kununua ngozi, majina yasikudanganye. Jaguar waliita rangi moja ya ndani biskuti na nyingine mdalasini, na kila muuzaji wa leo ana biskuti yake. Agiza vipande vya sampuli kutoka kwa wauzaji wawili au watatu, uviweke juu ya mkunjo wako uliosafishwa, uvitazame nje kivulini mchana, kisha ndani ya nyumba jioni. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya dukani zinaweza kuachana kabisa juani, na gari lako halitakaa dukani. Kwa wenzetu wa Nairobi, ambako magari ya namna hii hupambanishwa kwenye Africa Concours d'Elegance, jua la ikweta hufanya pengo kati ya upande wa mbele na mkunjo kuwa kubwa zaidi, kwa hiyo msichukue sampuli juu ya kiti hata kama inaonekana nzima.

Unapompelekea fundi viti, mwambie kwa kinywa chako kwamba vitambaa vya zamani ni vyako na virudi vyote, hata vilivyooza. Piga picha kila sehemu kabla haijafunguliwa. Kata kipande kimoja cha mkunjo, cha ukubwa wa kiganja kikipatikana, ukitie kwenye bahasha ya karatasi, wala si ya plastiki inayofungia unyevu, uandike juu yake namba ya chesisi, mahali kilipotoka na tarehe. Kitunze pamoja na cheti. Kingine kidogo kibandike nyuma ya ubao mpya wa mlango kabla skrubu hazijarudishwa.