Kabla ya Kununua Kabureta Mpya

Camaro ya 1969 yenye V8 ya inchi za ujazo 350 ikianza kumisi, lawama zote huangukia kabureta. Nimemwona mtu akinunua ya pili, kisha ya tatu, na gari likabaki kukohoa vilevile kila akikanyaga mafuta. Ubovu ulikuwa kwenye platini tangu siku ya kwanza. Mimi huanza na moto, nikaenda kwenye hewa, petroli ikaja mwisho, kwa kuwa moto hupimwa kwa dakika chache na bila gharama.

Fungua kifuniko cha distribyuta. Platini zilizochimbika au kuungua zitupe, usizipige msasa. Fuata waya za plagi: mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota huzunguka kuelekea saa. Silinda ya 5 na ya 7 ni jirani, na zinawaka kwa kufuatana, kwa hiyo waya zake zikilala bega kwa bega moto unaweza kuruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine. Zitenganishe.

Distribyuta za GM za miaka ile zina kitu ninachokipenda sana: kidirisha kidogo cha bati ubavuni mwa kifuniko. Injini ikiwa inaunguruma, kiinue, ingiza alenki ya 1/8, kisha zungusha skrubu taratibu hadi mita ya platini isome digrii 30. Kama huna mita, zungusha kuelekea saa mpaka injini ianze kumisi, halafu rudisha nusu mzunguko. Masikio yatakuambia ilipotulia.

Taimingi ipimwe baada ya hapo, kwani ukigusa platini nayo inahama. Ila usiamini alama ya puli ya mbele bila kuihakiki. Puli hiyo ni vyuma viwili vilivyoshikanishwa na mpira, na mpira wa zaidi ya miaka 50 huchoka, pete ya nje ikateleza pamoja na alama yake. Chomoa waya wa betri, toa plagi ya silinda ya 1, funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu lake. Zungusha krenki kwa mkono hadi igome, weka alama. Zungusha upande wa pili hadi igome, weka nyingine. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni inapofika juu kabisa.

Kwenye hewa, geji ya mvuto wa manifoldi kwa injini nzima isiyobadilishwa kamshafti husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na sindano hutulia. Ikisoma chini, nyunyiza maji kidogo kuzunguka kitako cha kabureta. Mlio ukibadilika, gasketi inavujisha hewa.

Injini ikishakuwa nzima, sasa boresha. Moto wa elektroniki badala ya platini ni fedha iliyotumika vizuri, lakini waya wa kiwandani unaokwenda kwenye koili una ukinzani unaopunguza umeme. Kifaa kipya kipe waya wake wenye volti 12 kamili, la sivyo kitakusumbua.

Kabureta nayo ina hesabu yake. Zidisha 350 kwa mizunguko 5,500 kwa dakika, gawanya kwa 3,456: unapata futi za ujazo 557 za hewa kwa dakika. Ya 600 inatosha kwa gari la barabarani. Ya 850 itakupa gari zito la kuondoka, na petroli utainunua bure.

Ukifika kwenye kamshafti, tazama gia ya mnyororo wa taimingi. Nyingi za kiwandani zilikuwa za alumini yenye meno ya nailoni, ambayo hukauka na kukatika. Ukikuta meno yamepungua, usifunge gia mpya ukaishia hapo. Shusha sampu utoe vipande vya nailoni kwenye chujio la pampu ya oili.