Saruji na Maji: Ukarabati wa Bafu kwa Gharama Ndogo

Katika nyumba nyingi, sehemu inayochakaa mapema kuliko zote ni bafu. Sakafu hupasuka, lipu hubanduka, na maji hutuama pembeni. Kasoro hiyo huonekana ndogo, lakini maji yanayopenya chini ya sakafu huloweka udongo unaobeba msingi, na hatimaye ukuta huweza kutitia. Mwenye nyumba asiye na fedha za vigae anaweza kuifanya upya sakafu hiyo kwa mikono yake, iwapo ataelewa tabia ya saruji.

Saruji haigandi kwa kukauka

Wengi hudhani kwamba saruji huwa ngumu kwa kukauka, kama udongo. Sivyo. Saruji ya Portland, ambayo jina lake latokana na hataza aliyopewa Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, huwa ngumu kwa kuungana na maji. Katika muungano huo hutokea chembe ndogo mno zinazosokotana na kuushika mchanga. Kazi hiyo huhitaji maji yapatayo robo tu ya uzito wa saruji. Yanayoongezwa ni ya kulainisha mchanganyiko. Yakizidi mno, huacha vitundu yanapotoka, na vitundu hivyo ndivyo njia ya uvujaji.

Basi makosa makubwa ni mawili: kuipa saruji maji mengi wakati wa kuchanganya, na kuinyima maji baada ya kazi.

Hatua za kazi

1. Sakafu iliyolegea ivunjwe yote. Sehemu iliyobaki ichokolewe, isafishwe, iloweshwe, kisha ipakwe uji wa saruji ili tabaka jipya lishike.

2. Upimwe mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Kwa bafu la mita 2 kwa mita 1.5, unene uwe sentimita 3 kwenye tundu na sentimita 5 kwenye ukuta wa mbali. Mfuko mmoja wa kilo 50 utatosha.

3. Kwa ndoo moja ya saruji zitiwe ndoo nne za mchanga safi wa mtoni. Mchanga wa baharini una chumvi, nayo huvuta unyevu. Mchanganyiko ufinywe kiganjani: ukishikamana bila kuchuruzika, maji yametosha.

4. Ukisha kusawazishwa, upigwe niru ungali mbichi. Niru laini mno huteleza. Inafaa ipitishiwe ufagio kidogo.

Saruji mbichi huunguza ngozi. Viatu vya mpira na glavu ni vya lazima.

Siku saba za kungoja

Siku ya pili, sakafu ifunikwe magunia yanayoloweshwa asubuhi na jioni kwa muda wa siku saba, wala bafu lisitumiwe. Nguvu huendelea kuongezeka hata baada ya hapo, na mafundi huipima saruji ikifikia siku 28.

Siku ya nane imwagwe ndoo ya maji. Yakienda yote kwenye tundu bila kutuama, kazi imekamilika. Gharama ya magunia na maji ni ndogo. Lakini anayeikwepa, hulazimika kununua mfuko wa pili.