NGITILI NI AKIBA YA KIJIJI

Ndugu mkulima, maksai akikonda mwezi wa Oktoba hawezi kukokota plau mvua za kwanza zinaponyesha. Nawe utachelewa kupanda, na mavuno yatapungua. Kwa hiyo malisho ni sehemu ya shamba lako.

Mkoani Shinyanga, kuanzia miaka ya 1920, miti mingi ilifyekwa ili kuondoa mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza kuhimiza desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua wakati wa kiangazi. Nyasi zilirudi, na visiki vya zamani vikachipua.

Fanyeni hivi:

1. Wekeni mipaka majirani wakishuhudia.
2. Halmashauri ya Kijiji itunge sheria ndogo, na Mkutano Mkuu uzijadili na kuzikubali.
3. Fungueni kipande kimoja kimoja, maksai na ng'ombe wa maziwa wakitangulia.
4. Machipukizi yasikatwe wala kuchomwa moto.

Usiseme ardhi ya wote haina mwenyewe. Mkiimaliza leo, watoto wenu watalima kwa mkono.